Nani Anamlipa Mshawishi?

Mwaka 1928 Siti binti Saad alipanda meli Unguja pamoja na wenzake wa kikundi cha taarabu, wakaenda Bombay kurekodi santuri za Gramophone Company, zile zilizouzwa kwa nembo ya His Master's Voice. Alikuwa mzaliwa wa kijiji cha Fumba, wa ukoo uliopitia utumwa, na kabla ya umaarufu alizunguka mjini akiuza vyungu. Taarabu ya kasri la Sultani ilizoea kuimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, akaitia habari za mitaa ya Ng'ambo, mjini Unguja: dhuluma za wakubwa, kesi zilizopindishwa, wanawake walioumizwa wasipate mtetezi. Wimbo wake Kijiti ulihusu mauaji ambayo mtuhumiwa wake alikimbilia bara, mkono wa sheria ukawaangukia wengine. Wasikilizaji wake wengi waliwajua wahusika, au walijua mtu anayewajua, kwa hiyo Siti asingeweza kuimba uongo na heshima yake ikalala salama. Gramophone Company haikuwa na haja na kesi za Ng'ambo. Ilikuwa na mashine na sahani za kuuza, na huku Mwambao ilihitaji mtu ambaye watu tayari wanamwamini, ili hata mwenye mgahawa wa kahawa aone sababu ya kutoa fedha zake kununua gramafoni. Mambo ya washawishi wa Afrika Mashariki, ukiyafuatilia nyuma, yanafika huko, miaka zaidi ya 80 kabla ya Instagram kuanzishwa Oktoba 2010.

Wauza matangazo wana namna yao ya kuwapanga washawishi wa leo, nayo ni ya hesabu tupu. Mwenye wafuasi elfu moja hadi elfu kumi huitwa nano. Kutoka hapo hadi laki moja ni maikro. Hadi milioni moja ni makro. Juu ya hapo ni mega. Mpangilio huu unafaa sana kwa kuandika ankara, lakini mfuasi hapati humo jambo lolote analohitaji kulijua. Historia inatupa mpangilio ulio bora zaidi: washawishi hutofautiana kwa nani anayewalipa, na kwa kile watakachopoteza wakiwapotosha waliowaamini. Wanachokiuza, kwa jina lolote watakalokipa, ni dhamana. Dalali wa nyumba naye husimama kati ya watu wasiojuana, na kila aliyewahi kutafuta chumba Dar es Salaam anajua swali la kumuuliza kabla ya yote: unalipwa na mwenye nyumba, unalipwa na mimi, au unatulipisha wote wawili? Swali hilo hilo ndilo tunalosahau kuwauliza watu tunaowafuata kwenye simu.

Ushahidi wa kitaalamu wa mapema ulitoka Marekani. Mwaka 1940 Paul Lazarsfeld na wenzake waliwafuatilia wapiga kura wa Erie County, Ohio, wakitarajia kuziona redio na magazeti zikigeuza mawazo ya watu. Walikuta vyombo hivyo vina nguvu ndogo kuliko walivyodhani, na kwamba watu huwasikiliza zaidi watu wenzao. Mwaka 1945 wakaenda Decatur, mji wa Illinois, wakawahoji wanawake wapatao 800 juu ya mambo manne: ununuzi wa mahitaji ya nyumbani, mitindo, sinema na siasa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1955 katika kitabu cha Elihu Katz na Lazarsfeld, Personal Influence, na mpaka leo yanawaumbua wanaohesabu wafuasi. Aliyeulizwa kuhusu unga na sabuni alikuwa mama mwenye familia kubwa. Aliyeulizwa kuhusu nguo na sinema alikuwa binti ambaye hajaolewa. Sifa za mmoja hazikumpa mamlaka katika uwanja wa mwingine, na mara nyingi mshawishi alikuwa wa hali ile ile ya maisha na mshawishiwa. Kwa maneno mengine, aina za washawishi zilikuwapo kabla ya mtandao wowote, na kila aina ilijengwa juu ya jambo ambalo mtu huyo ameonekana akilifanya, tena mbele ya watu ambao kesho atakutana nao.

Tanzania ina jaribio lake kuhusu jambo hili, na linastahili kujulikana zaidi ya linavyojulikana. Julai 1993 Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliokusudiwa kuzungumzia uzazi wa mpango na UKIMWI. Watafiti, akiwemo Everett Rogers, waliomba kituo cha Dodoma kisiurushe, wapate eneo la kulinganishia, na hali ikawa hivyo hadi mwaka 1995. Katika mchezo alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, anayeishia kupata UKIMWI, na mkewe Tunu, anayejifunza taratibu kusimama kwa miguu yake. Matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi mahali mchezo uliposikika kuliko Dodoma, na ulipofika Dodoma yakaanza kupanda huko pia. Jambo kubwa ni namna ilivyotokea: watu walisikiliza, kisha wakaujadili mchezo na wenzi wao na majirani. Mlipaji hapa hakuwa msikilizaji. Kituo kilikuwa cha serikali, na ujumbe ulikuwa wa wafadhili na wataalamu wa afya. Lakini hakuna aliyefichwa jambo hilo. Kila mtu alijua RTD ni ya nani. Mkwaju na Tunu hawakuwa watu halisi, nao wakageuza maisha ya watu halisi, kwa kuwa walifanana na dereva na mke ambao msikilizaji anawafahamu mtaani kwake. Huo ndio uwezo ambao makampuni ya simu na vinywaji yangekuja kuununua miaka ishirini baadaye.

Kabla ya fedha hizo kufika kulikuwa na kipindi kifupi ambacho karibu hakuna aliyekuwa analipwa. Ndesanjo Macha alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuandika blogu kwa Kiswahili. Mwaka 2005 mpigapicha Muhidin Issa Michuzi, akiwa Helsinki, alifungua blogu ambayo ikawa baraza la Watanzania walio ng'ambo: harusi, misiba, picha za viongozi, picha za mvua ya Jangwani. Mwaka uliofuata ikaja JamiiForums, ambako watu walijificha nyuma ya majina bandia wakaweka hadharani nyaraka ambazo magazeti yalizikwepa. Intaneti wakati huo ilipitia setilaiti, ghali na ya kusuasua, hadi nyaya za chini ya bahari zilipofika pwani yetu mwaka 2009. Washawishi wa kipindi hiki walitoa habari na ukumbi, wakalipwa kwa jina tu. Mtu anaweza kusema kwamba ni rahisi kuwa mwema wakati hakuna wa kukununua, na atakuwa sahihi. Ila tusisahau kwamba mazoea ya wasomaji yalijengeka hapo: kumwona mwenye ukurasa kama ndugu anayekuletea taarifa. Mazoea hayo yalibaki hata baada ya ndugu kuanza kuandika ankara.

Hapa kuna pingamizi moja zito. Ikiwa dhamana ya mtu ndiyo msingi, je, mtu mwaminifu kabisa hawezi kuwapotosha watu kwa moyo safi? Anaweza, na mwaka 2011 tulimwona. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, aliwagawia watu kikombe cha dawa katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, wagonjwa wakatoka hospitalini, na mawaziri nao wakanywa. Wengi walimwamini kwa sababu bei yenyewe ilionyesha kwamba hakufuata utajiri. Zingatia kwamba hapakuhitajika Instagram: ushuhuda wa jirani, simu za kawaida, redio na magazeti vilitosha. Kwa hiyo wale wanaosema mitandao ndiyo iliyowafanya watu wepesi wa kuamini wanasingizia chombo kwa tabia iliyokitangulia. Loliondo inanilazimisha pia kuikata hoja yangu mahali panapostahili. Dhamana hutuambia kama mtu anasema anachokiamini. Kama anachokiamini ni kweli, hilo ni jambo lingine. Ndiyo maana daktari au wakili anayefundisha kwenye TikTok ni wa aina ya peke yake. Dhamana yake haipo kwenye akaunti. Ipo kwenye baraza lililomsajili, linaloweza kumvua joho au koti. Mwuza virutubisho vya kupunguza tumbo anaweza kuvaa koti jeupe vile vile, lakini hakuna baraza la kumvua.

Zama za mastaa zilipoanza, baada ya Instagram kuingia kwenye simu za Android mwaka 2012, kila kitu kiliongezeka ukubwa. Mshindi wa Miss Tanzania 2006, Wema Sepetu, alikuwa tayari jina la magazeti ya udaku. Sasa udaku ukahamia mkononi mwake mwenyewe. Diamond Platnumz akawa mfano wa namna staa anavyoweza kuuza kila sehemu ya maisha yake, kuanzia mapenzi, watoto na ugomvi hadi wimbo mpya. Makampuni yakaanza kuwapa mastaa cheo cha ubalozi. Kiki ikawa kazi ya kupangwa: wawili wanagombana wiki nzima, Jumamosi video inatoka. Staa wa namna hii anatoa mng'aro na mazungumzo, na mfuasi mwenye akili anajua hivyo. Hakuna anayekunywa soda fulani kwa kuamini kwamba staa aliipima maabara. Jambo la kutazama ni mwaka 2017, Diamond alipotoa manukato ya Chibu na karanga zenye jina lake. Kuanzia hapo karanga ikiwa mbovu, aibu haikuwa na kampuni ya kuangukia. Kuingiza jina lako kwenye bidhaa ni dhamana kubwa kuliko kupiga nayo picha, na ningependa watu watofautishe mambo hayo mawili kabla ya kuwaweka mastaa wote kwenye kapu moja.

Watu wa masoko watanijibu kwamba wao si wajinga. Kama idadi ya wafuasi isingekuwa na maana, wasingemwaga fedha kwa wenye mamilioni. Nakubali, kwa kiasi. Idadi ina maana pale bidhaa ni ya bei ndogo, inajulikana, na kinachotakiwa ni jina lisisahaulike. Kosa ni kudhani hesabu hiyo inafaa kila mahali. Mwaka 2017 waandaaji wa Fyre Festival huko Bahamas walimlipa Kendall Jenner dola zisizopungua 250,000 kwa posti moja. Tiketi ziliuzwa, na waliofika walikuta mahema na mikate ya jibini. Jenner hakuhudhuria wala hakulala kwenye hema. Mfananishe na mwanamke mwenye duka la madera na viatu Kariakoo, mwenye wafuasi elfu sita, anayejirekodi asubuhi akigeuza mzigo mpya mbele ya kamera, akitaja bei, akimalizia kwa namba ya M-Pesa na onyo la kutuma na ya kutolea. Mteja wa Mbeya anamlipa mtu ambaye hajawahi kuonana naye, na mzigo unapakiwa kwenye basi usiku. Akimtapeli mmoja, picha za meseji zinasambaa kesho yake na biashara inakufa. Kwa ankara za matangazo huyu ni nano, chini kabisa ya ngazi. Kwa kipimo cha dhamana yuko juu, maana mlipaji wake ni yule yule anayemsikiliza, na hasara ya uongo inarudi dukani kwake. Wanawake kama huyu ndio warithi halisi wa akina mama wa Decatur.

Wapo pia wanaotoa furaha tu, na kwao maswali ya dhamana hayana uzito mkubwa. Aprili 2020, watu wakiwa chini ya amri ya kutotoka nje usiku kwa sababu ya korona, Azziad Nasenya alicheza wimbo wa Utawezana wa Femi One na Mejja, na Kenya nzima ikamjua ndani ya siku chache. Mwishoni mwa 2021 Kili Paul na dada yake Neema, Wamasai wa mkoa wa Pwani, walijirekodi wakifuatisha kwa midomo wimbo wa filamu ya Kihindi ya Shershaah. Februari 2022 Ubalozi wa India Dar es Salaam ukamwalika Kili kumpongeza, na Narendra Modi akawataja wote wawili kwenye hotuba yake ya redio. Kufuatisha wimbo kwa midomo hakumdanganyi mtu. Hatari huja baadaye, pale aliyependwa kwa kuchekesha anapoanza kupendekeza mkopo wa simu au mchezo wa kubashiri, na kicheko alichokipata kwa halali kinatumika kama hundi kwenye jambo asilolijua.

Kipimo cha nani analipa kilipata mtihani wake mkali zaidi Nairobi. Septemba 2021 watafiti Odanga Madung na Brian Obilo walichapisha kupitia Mozilla uchunguzi juu ya vijana waliokuwa wakilipwa kiasi cha dola 10 hadi 15 kushiriki kampeni tatu kwa siku kwenye Twitter. Maelekezo yalikuja kwa makundi ya WhatsApp, malipo yakaja kwa M-Pesa, na walengwa walikuwa majaji na wanaharakati waliopinga BBI, mpango wa kubadili katiba ambao Mahakama Kuu ilikuwa imeubatilisha mwezi Mei. Hii ni aina ya mshawishi isiyo na jina wala uso, na kwa sababu hiyo haina cha kupoteza. Akaunti moja ikifungwa, nyingine inafunguliwa. Chawa wa Bongo anayemsifia tajiri wake hadharani, pamoja na kero zake zote, ni bora kwa daraja kadhaa: tunamjua, tunamjua anayemlisha, na tunapunguza maneno yake kwa kiwango hicho. Mtu mwenye huruma atasema vijana wale hawakuwa na ajira na dola kumi si kitu cha kukataa. Kweli, na mimi nawalaumu kidogo kuliko walionunua. Lakini umaskini wa msemaji haupunguzi madhara ya aliyesomeshwa uongo na kudhani ni sauti ya wananchi.

Miaka mitatu baadaye mitandao ile ile ilionyesha upande wake mwingine. Muswada wa Fedha wa Kenya wa mwaka 2024 ulikuwa maandishi marefu ya kisheria, na vijana wa TikTok na X, jina jipya la Twitter, wakaufungua kifungu kwa kifungu, kwa Kiswahili, Sheng na lugha za nyumbani, wakieleza kodi ya mkate na ya taulo za kike. Hawa walitoa tafsiri ya sheria, kazi ambayo vyama na magazeti viliifanya nusunusu. Serikali ilisema wamelipwa. Kipimo chetu kinatusaidia hapa pia: wengi walitumia nyuso na majina yao, wakaingia barabarani wenyewe, na baadhi ya waliokuwa wakipaza sauti mitandaoni wakakamatwa na watu wasiojitambulisha. Bunge lilivamiwa tarehe 25 Juni, watu wakapigwa risasi, na siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza kwamba hatausaini muswada. Mtu anaweza kubishana na tafsiri zao, na baadhi ziliongezwa chumvi, lakini ni vigumu kuwaweka kundi moja na waliolipwa kwa zamu mwaka 2021, ingawa wote walitumia simu, vibwagizo na lugha ile ile.

Serikali zetu zimekuwa na haraka ya kudai dhamana, ila zimeidai kwa upande wao. Tanzania mwaka 2018 ilitunga Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu alipe ada zinazofikia shilingi milioni 2.1, na Juni ya mwaka huo JamiiForums ikalazimika kusimama kwa muda. Uganda mwezi uliofuata ikatoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao, ikaiondoa mwaka 2021 baada ya watu wengi kuikwepa kwa VPN. Kenya katika Muswada wa Fedha wa 2023 ilipendekeza kukata asilimia 15 ya mapato ya watengeneza maudhui, ikaishia kwenye asilimia 5, na Tanzania ikaweka asilimia 5 yake mwaka 2024. Ufaransa Juni 2023 ilichukua njia nyingine: posti ya kulipiwa lazima iseme waziwazi kwamba ni tangazo, kunadi upasuaji wa urembo ni marufuku, na anayekiuka anaweza kufungwa miaka miwili na kutozwa faini ya hadi euro 300,000.

Wanaopinga njia ya Wafaransa wanasema kwetu haiwezekani kumfuatilia kila mwenye simu. Lakini ile asilimia 5 ni kodi ya zuio, nayo hukatwa na mlipaji, si mlipwaji. Kampuni inayompa balozi wake fedha Nairobi au Dar es Salaam inapaswa kuandika jina lake na kiasi, kisha kuwasilisha makato kwa mamlaka ya kodi, KRA au TRA. Kwa washawishi wa mikataba rasmi, basi, rekodi ya nani alimlipa nani inatunzwa tayari, na kumtaka msanii aandike neno tangazo chini ya picha si mzigo mpya wa ufuatiliaji. Kwa dola kumi zinazopita kwenye kundi la WhatsApp rekodi hiyo haipo, na sheria ya aina yoyote itawafikia mastaa kwanza na vibarua wa zamu mwisho. Huko kazi itabaki kwa watafiti kama Madung na Obilo, na kwa mfuasi anayejizoeza kutazama, kabla ya kusambaza, kama akaunti iliyomletea habari ina mtu nyuma yake anayeweza kuulizwa.